Kabla ya kununua jini nyingine, ionje vemuti yako

Ndugu, unauliza ni jini gani, yaani ile pombe kali iitwayo gin, itakayoondoa ukali katika Negroni yako, kile kinywaji cha kuchanganya jini na vemuti, na papo hapo unataja kwamba chupa ya lita moja ya vemuti uliifungua zamani na umeipanga rafuni kando ya wiski. Iondoe hapo. Mimi niliiweka pale pale, ikaniponza miezi saba.

Vemuti ni divai. Imetiwa mimea michungu, na hata jina lake limetokana na neno la Kijerumani la pakanga, kisha ikaongezewa pombe hadi kufikia takribani asilimia 15 hadi 18, kiasi ambacho hakitoshi kuikinga na hewa kizibo kikishafunguliwa. Muuzaji wangu, kwa ule uso wa mtu asiyewahi kukosea, aliniambia kwamba pombe haiharibiki, nami nikamwamini kwa kuwa wiski yangu ilikuwa imekaa miaka miwili bila kubadilika. Basi kila nilipochanganya mililita 30 za jini, 30 za Campari, ile pombe nyekundu chungu ya Kiitaliano, na 30 za vemuti nyekundu, nilipata uchungu mtupu usio na utamu wa kuupokea, na harufu ya siki ikifuata nyuma. Nikailaumu jini. Nikanunua ya pili, nikanunua ya tatu, hadi kabati langu likawa na majini mengi kuliko nyumba ya mganga. Nikaigeukia Campari, nikaipunguza mpaka kinywaji kikakosa hata sababu ya kuitwa Negroni. Siku nilipoionja vemuti peke yake ndipo nilipotambua kwamba nimekuwa nikimwaga siki juu ya jini nzuri, tena kwa kuipima kwa makini. Nilifungua chupa mpya, nikarudia jini ya kwanza niliyokuwa nimeitukana, na kinywaji kikatulia.

Kwa hiyo vemuti ikifunguliwa huingia jokofuni siku ile ile, ikiwa na tarehe iliyoandikwa ubavuni, nayo iishe ndani ya mwezi mmoja au miwili. Nunua chupa ya mililita 375, hata kama ile ya lita inaonekana nafuu. Campari iache rafuni. Pombe na sukari yake vinaihifadhi.

Kuhusu kukoroga kinywaji, sekunde 30 kwenye barafu nyingi zinatosha. Ila kaionje kwanza hiyo vemuti, kijiko kimoja tu, kisha uniambie inanuka nini.