Loiyangalani na Ziwa Turkana: mashua, barabara na namna ya kuingia kwa Waelmolo

Swali: Tuko wanne, tuna Land Cruiser moja, na tunapanga kukaa Loiyangalani siku nne. Tungependa kuona mamba na ndege, kufika Kisiwa cha Kusini, na kuwatembelea Waelmolo. Tupite njia gani? Mashua ni salama? Na kijijini tuingieje bila kuwakera wenyeji?

Jibu: Nianze na mashua, maana hapo ndipo watu hupoteza maisha.

Upepo wa Turkana hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, ukapata kasi kama maji yanayopita kwenye mfereji mwembamba. Ndiyo sababu mitambo 365 ya kufua umeme wa upepo ilisimamishwa pale Sarima, mahali mtakapopita mkija ziwani. Loiyangalani iko ufuko wa mashariki, chini ya Mlima Kulal, na upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Matokeo yake huwahadaa wageni: ukisimama ufukweni, maji ya karibu yanaonekana yametulia, kwa sababu upepo haujapata nafasi ya kuinua mawimbi. Kadiri mnavyoingia ndani ndivyo mawimbi yanavyokua, na injini ikizima mnasukumwa mbali na nchi kavu. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa utafiti wa Mwingereza Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa hichohicho cha Kusini na hawakuonekana tena.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, kagueni wenyewe. Kila mtu awe na jaketi la kuokolea maisha, na alivae tangu mwanzo. Likiwa limekaliwa kama mto wa kiti halisaidii kitu. Pawe na injini ya pili au makasia yanayotumika kweli, nanga yenye kamba ndefu, kopo la kukumba maji, na mafuta ya kwenda na kurudi pamoja na theluthi ya ziada, kwa kuwa kurudi ni kupigana na upepo. Upepo kwa kawaida huwa mkali zaidi usiku hadi asubuhi, lakini saa ya kuondoka aseme nahodha mwenyeji. Akisema leo hakuendeki, msimwongezee pesa ili abadili mawazo. Kisiwa hicho ni hifadhi ya taifa chini ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), kwa hiyo malizeni ruhusa na malipo mapema kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mkiwa bado na mtandao mzuri. Kina nyoka wenye sumu: viatu vya kufunika mguu, na usiingize mkono chini ya jiwe.

Barabara. Ningepita Isiolo hadi Laisamis kwa lami, kisha nishike ile ya changarawe ya kilomita 208 hadi Sarima iliyokarabatiwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo. Njia ya Maralal na Baragoi inapendeza, ila ina historia ndefu ya wizi wa mifugo na mashambulizi ya barabarani. Asiyepata taarifa ya siku hiyo kutoka kwa polisi wa huko asiipite. Kupitia Marsabit na jangwa la Chalbi kunafaa wakati wa ukame tu. Mvua ikinyesha, ule uwanja mgumu hugeuka tope linalomeza gari hadi ekseli.

Kutoka Sarima kushuka ziwani mnakutana na mawe ya volkano, meusi na makali. Kinachokatika hapo mara nyingi ni ubavu wa tairi, na ubavu hauzibiki. Msipunguze upepo wa tairi kwenye mawe, kwa sababu ubavu hutokeza nje na kukutana na ncha. Uacheni wa kawaida ya gari kulingana na mzigo, na mwendo uwe kilomita 20 hadi 30 kwa saa. Mkikwama kwenye mchanga shusheni hadi psi 18 au 20 (kipimo cha upepo wa tairi), kisha jazeni tena kabla ya kurudi kwenye mawe. Pampu ya betri ni lazima. Pimeni asubuhi tairi zikiwa baridi. Bebeni tairi mbili za akiba. Jazeni tangi kwenye kituo cha mwisho cha uhakika mkiwa bado kwenye lami, maana mbele mafuta huuzwa kwenye madumu na yanahitaji kuchujwa. Mkikuta laga, yaani mto wa msimu, imejaa, subirini. Maji hushuka, mara nyingi baada ya saa chache tu.

Maji ya ziwa hayafai kunywa, na hapa wengi hukosea dawa. Ziwa halina mto unaotoka, kwa hiyo chumvi na floraidi hubaki humo. Kuchemsha huua vijidudu lakini huongeza ukali wa floraidi, na vidonge vya klorini haviigusi kabisa. Wekeni lita 6 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, pamoja na galoni ya lita 20 ya dharura isiyofunguliwa. Kuoga ufukweni, acheni. Mamba wa Turkana ni wengi, na hupenda mahali wavuvi wanapopasulia samaki.

Waelmolo ni moja ya jamii ndogo kabisa Kenya, na makazi yao makuu ni Layeni na Komote. Lugha yao ya asili haizungumzwi tena. Wengi wanatumia Kisamburu, kwa hiyo tafuteni mkalimani wa Kisamburu kutoka kijijini kwenyewe. Ziwa lilipopanda, Komote ilizungukwa na maji, na sasa mnafika kwa mashua. Mtumeni mkalimani siku moja kabla azungumze na wazee: mnakuja wangapi, mtakaa muda gani, mtalipa kiasi gani, na picha zimo au hazimo. Malipo yakabidhiwe wazee mbele ya watu, siyo kijana wa kwanza kuwalaki, kwani hapo ndipo ugomvi huanzia baada ya wageni kuondoka. Makaburi na mahali pa ibada hapapigwi picha wala hapakanyagwi bila kuruhusiwa. Msiwagawie watoto pesa. Nunueni shanga au samaki kwa mama zao. Wala msiombe kuonyeshwa uwindaji wa kiboko. Zamani ulikuwa fahari yao, leo sheria inaukataza, na ombi hilo linawaweka pabaya.

Siku nne zipangeni hivi: kijiji na Jumba la Makumbusho la Jangwa siku ya kwanza, kisiwa siku ya pili, na ya tatu iachwe wazi kama akiba ya kisiwa. Upepo ukikataa siku zote mbili, tembeeni ufukweni alfajiri, mkikaa mbali na ukingo wa maji. Kati ya Oktoba na Machi wapo ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia pamoja na flamingo na mwari, na kwa darubini ya kawaida mtawaona bila kupanda mashua. Siku ya nne ondokeni mapema, ili mawe ya Sarima myapite kukiwa na mwanga.