Kabla Hujabishana Kuhusu Alonso, Angalia Kona ya 12

Msimu wa langalanga (Formula 1) wa 2023 uliwageuza mara mbili mashabiki wa Fernando Alonso, dereva Mhispania wa Aston Martin. Katika mbio nane za kwanza alipanda jukwaani (tatu bora) mara sita, vijiwe vikaanza kuhesabu siku za ushindi wake wa 33 (wa 32 aliupata Hispania, 2013). Aston Martin ilipopoteza kasi, walewale waliokuwa wakisema ng'ombe hazeeki maini wakaanza kusema mzee kachoka. Kumbe kilichochoka ni gari.

Ukitaka kumpima dereva mkongwe, anza na mwenzake wa timu, maana gari ni moja. Alonso alimaliza na pointi 206, Lance Stroll 74. Pengo hilo usilimeze lilivyo: Stroll aliuanza msimu mikono ikiwa bado na majeraha ya ajali ya baiskeli, na Singapore hakukimbia kabisa.

Kipimo kizuri zaidi ni jedwali la muda wa mizunguko. Interlagos, uwanja wa mbio wa Brazil, ni mizunguko 71, na mwaka 2023 mafuta hayakuzidi kilo 110, kwa hiyo gari ilipungua kilo moja na nusu hivi kila mzunguko. Kilo 10 ni takriban sekunde 0.3 kwa mzunguko. Maana yake, ndani ya mizunguko kumi gari inapaswa kuongeza kasi kwa karibu nusu sekunde bila dereva kufanya lolote. Muda ukibaki palepale, tairi ndizo zimeila hiyo nusu sekunde. Ukizidi kuwa mrefu, dereva anazichoma. Ondoa kwanza mzunguko wa kuanzia, wa kuingia na wa kutoka kubadili tairi, na ile aliyokwama nyuma ya mtu: upepo uliovurugika huipunguzia gari mkandamizo (nguvu ya hewa inayoigandamiza chini), ikateleza konani na tairi zikapata moto. Wengi wanaisahau hii ya mwisho, wakamlaumu dereva bure.

Lakini kuna ufundi ambao jedwali halikuonyeshi. Brazil, Novemba 2023, Alonso ana miaka 42, yuko nafasi ya tatu, na Sergio Perez wa Red Bull yuko mgongoni kwake kwa zaidi ya mizunguko kumi, bawa la nyuma likimfungukia kila anapofika mnyoofu (wakati ule aliyekuwa ndani ya sekunde moja nyuma ya mwenzake aliruhusiwa kulifungua ili aongeze kasi). Tazama kona ya 12, Junção, kabla ya kile kipande kirefu cha kupanda hadi mstarini. Alonso anakubali kupoteza muda wa kuingia ili gari inyooke mapema na akanyage mafuta kabla ya Perez. Katika kona za kabla yake anabadilibadili njia, Perez asijue apite wapi kuukwepa upepo wake.

Mzunguko wa 70, Perez akampita kona ya kwanza. Hapo wengi wangeridhika na nafasi ya nne. Alonso akabaki ndani ya sekunde moja. Mzunguko wa mwisho Perez akachelewa kidogo kufunga breki kona ya kwanza. Bawa la Alonso likafunguka kwenye mnyoofu unaofuata, na kufika kona ya 4 nafasi ya tatu ikawa imerudi. Pengo lao mstarini: sekunde 0.053.

Ukiirudia video ya kamera ya ndani, anzia mzunguko wa 65 na zima sauti ya mtangazaji. Usimtazame Perez kwenye kioo. Tazama ni lini usukani wa Alonso unanyooka pale Junção.