Jibu: Kwa nini sanamu ya Lee ilichelewa kuondolewa Charlottesville

Ndugu, umeuliza kwa nini baraza la jiji la Charlottesville, Marekani, lilipiga kura kuondoa sanamu ya Jenerali Robert E. Lee, kamanda wa jeshi la majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, mwaka 2017 lakini ikang'olewa 2021. Kikwazo kilikuwa sheria ya jimbo la Virginia ya kulinda kumbukumbu za vita. Waliopinga kuiondoa wakaenda mahakamani, wakapata zuio. Aprili 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kuwa sheria hiyo haikuihusu sanamu ile. Hata hapo baraza lilifuata utaratibu mpya: kutangaza, kusikiliza wananchi, kupiga kura upya Juni 7, kisha siku 30 za kuzipa taasisi nafasi ya kuomba kuichukua sanamu. Kwangu mimi, kusikiliza wananchi ndiyo hatua isiyofaa kurukwa kamwe. Iliondolewa Julai 10.