Reli ya msumeno au msumeno wa reli?

SWALI: Mwalimu, nina karakana ndogo ya useremala. Nimejitengenezea vifaa vya ule msumeno wa umeme unaoteleza juu ya reli: reli ya plaiwudi, kizuizi cha kukatia vipande vya urefu mmoja, na kipimo cha kupasulia. Nataka kuwaandikia wanafunzi wangu maelezo. Mwenzangu anaviita "vipuri vya msumeno wa reli". Je, amepatia?

JIBU: Ndugu yangu fundi, kwenye "vipuri" hajapatia. Kipuri huchukua nafasi ya kitu kilichochakaa au kuvunjika. Brashi za mota zikiisha, unatafuta vipuri. Kizuizi chako hakikuziba pengo la kitu chochote. Msumeno ulikuwa mzima, nawe umeuongezea uwezo. Hivyo ni "vifaa vya ziada", na ukitaka ijulikane vimetoka mikononi mwako, sema "vya kujitengenezea".

"Msumeno wa reli" nao una mtego. Tumezoea kusema "msumeno wa chuma" kwa maana ya msumeno unaokata chuma. Anayesikia "msumeno wa reli" kwa mara ya kwanza ana haki ya kudhani ni wa kukata reli za treni! Hilo si kosa la sarufi, ila kwa mwanafunzi mgeni ningeandika "msumeno wa kupita kwenye reli" mara ya kwanza, kisha nifupishe. "Reli ya msumeno" haina utata. Wala usiogope neno reli kwa kuwa ni la kukopa. Randa unayosawazishia mbao ilitoka Uajemi, na leo nani anaiita ngeni?

Lakini kilichonifurahisha zaidi katika barua yako ni neno "kupasulia". Kwanza, umetenganisha kupasua na kukata kama mafundi wafanyavyo: ubao hupasuliwa kwa urefu wake, hukatwa kwa upana. Pili, umetumia kauli ya kutendea (kupasua ikawa kupasulia), na kwenye karakana hiyo ndiyo inayookoa mbao. Niliwahi kuhariri maelezo yaliyosema: "Weka ubao wa kukata mezani kabla ya kuwasha msumeno." Ubao upi? Ubao wa kukata ni ule unaosubiri kukatwa. Ubao wa kukatia ni ule wa kutandika chini, ili bladi ikipenya iujeruhi huo na kuiacha meza salama. Mwandishi alimaanisha wa pili, akaandika wa kwanza. Silabi moja imepungua, na anayefuata maelezo hayo neno kwa neno anaikata meza.

Kanuni hiyo inashika kote: mbao za kupasua zinasubiri kupasuliwa, kipimo cha kupasulia ndicho unachofanyia kazi hiyo. Vivyo hivyo vibano vya kubania reli.

Jihadhari pia na "nimetengeneza reli". Kutengeneza ni kuunda kitu kipya, na pia ni kurekebisha kilichoharibika. Ukiandika "nimechonga reli kwa plaiwudi ya milimita 18", hakuna atakayedhani ilikuwa imevunjika.

La mwisho ni ukingo, ambao wengi huuita pembe. Reli ya kujitengenezea huachwa pana kidogo. Msumeno unapopita mara ya kwanza hukata ziada hiyo, na kuanzia hapo ukingo wake ndio mstari wenyewe wa bladi. Pembe ni pale kingo mbili zinapokutana. Mwanafunzi akiambiwa alaze pembe kwenye alama, atalinganisha ncha moja tu na mkato utakwenda upande.

Kwa hiyo mimi ningewaandikia hivi: "Tandika ubao wa kukatia mezani. Laza juu yake ubao wa kukata. Linganisha ukingo wa reli na alama zote mbili, ibane, kisha pitisha msumeno."