Joto la bati: foili au sufi ya kioo?

Umeuliza upunguze vipi joto kwenye nyumba yako ya bati hapo Mbagala: kati ya foili (karatasi ya alumini inayowekwa chini ya bati) na sufi ya kioo (nyuzi laini za kioo za kuzuia joto kupita), ndugu yangu anza na foili. Bati lililopigwa na jua hurusha joto chini kwa mionzi, na alumini inayong'aa huzuia sehemu kubwa. Ila upande unaong'aa uangalie chini, vumbi lisiuzibe, na uwe na nafasi ya hewa angalau sentimita 2.5. Fundi akiibana kati ya bati na ubao bila nafasi, umetupa hela. Waya za umeme zisiiguse kabisa, tafadhali! Sufi ningekushauri ungekuwa Makete kwenye baridi, nayo isilowe wala kukandamizwa. Acha pia matundu ya hewa kwenye kingo za paa, yawekwe wavu popo wasiingie.