Uliza kabla mzigo haujapakiwa: kuchagua SSD ukiwa Kigoma

Wadogo zangu mnaoanza kuunganisha kompyuta hapa Kigoma, nianze na aibu yangu. Niliagiza SSD (diski ya chipu, isiyo na kinachozunguka ndani) ya aina ya NVMe kutoka Kariakoo, nikalipia mzigo wa basi, nikaufuata stendi usiku, asubuhi nikaufungua kibandani Mwanga mbele ya mteja. Mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, haikuwa na pa kuichomeka. Mashine ilikuwa Dell OptiPlex 7010, ile ya 2012 (mwaka 2023 ilitoka nyingine yenye jina hilohilo, msichanganye), na haina kabisa tundu la M.2, lile jembamba la kuchomekea SSD kama ile. Zipo kadi za kuipachika NVMe kwenye tundu la PCIe (la kadi za ziada), lakini mashine ya umri ule haikubali kuwaka kutoka humo mpaka uichokonoe BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine. Dar iko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Hakuna anayerudisha kitu cha ukubwa wa kidole umbali huo akabaki na faida.

Kwa hiyo sisi wa huku tunachagua SSD kabla pesa haijatumwa. Fungua kasha la kompyuta, soma namba ya mazabodi, tafuta kijitabu chake mtandaoni, hesabu matundu. Ndipo umpigie muuzaji.

Kinachowapoteza wengi ni neno M.2. M.2 ni umbo tu, ni sahani. Chakula kilichopakuliwa humo kinaweza kuwa SATA, njia ya zamani ya kupitisha data, au NVMe, njia mpya ya kasi inayopita kwenye PCIe. Zote mbili zinaweza kuwa 2280, yaani upana milimita 22 na urefu milimita 80, na ukizilaza mezani zinafanana kama dagaa. Kwa kawaida NVMe ina pengo moja kwenye meno yake na SATA ina mawili, ila zipo NVMe zenye mapengo mawili pia, kwa hiyo usiapie jicho. Dai namba ya modeli. Na kijitabu kisome mpaka mwisho: kwenye mazabodi nyingi ukijaza tundu fulani la M.2, baadhi ya matundu ya SATA yanazimika. Kuna siku nilibadilisha nyaya tatu nikiilaumu hadi diski (hard disk, ile ya zamani inayozunguka) isiyo na kosa lolote.

Kasi sasa. Hadi diski ya kawaida husoma kama megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde, SSD ya SATA hugota karibu na 550, NVMe ya PCIe 3.0 hufika kama 3,500 na ya 4.0 kama 7,000. Namba tamu. Lakini anayefungua Word na kivinjari hatazihisi, maana kilichokuwa kikimchelewesha ni mkono wa hadi diski kuhangaika kutafuta vifaili vidogo vidogo, kila safari milisekunde kama 10. SSD yoyote ya kweli inaliondoa hilo. Mwalimu mmoja nilimfungia SATA ya GB 500 kwenye mashine yake kuukuu, akaniuliza kama nimembadilishia na prosesa. Kwenye mazabodi mpya chukua NVMe ya kawaida. Zile za bei kali waachie wanaohariri video. Chenji ikibaki, ongeza ukubwa. GB 128 siagizi tena: Windows ikishakaa na masasisho yake nafasi inabana, na SSD iliyojaa huwa nzito kuandika. GB 500 itasomeka 465 kwenye Windows. Hapo hujaibiwa, ni tofauti ya kuhesabu.

Aliyeibiwa ni mwenye TB 2 kwa bei ya GB 240, na huyo niliwahi kuwa mimi. Kompyuta iliisoma TB 2 bila kusita. Nikamwagia humo video za harusi ya watu wa Ujiji, zikaingia zote, nami nikafuta za kwenye kamera. Za mwanzo zilifunguka. Za baadaye zilikuwa na majina na ukubwa, ndani hamna kitu, kwa sababu chipu ya kuhifadhia ilikuwa ndogo na kontrola, chipu inayoiongoza SSD, ilifundishwa kudanganya. Siwezi kueleza nilivyomkabili mama wa bibi harusi. Tangu hapo SSD mpya haiingii kwa mteja kabla ya kupimwa kwa programu ya H2testw, au F3 kwa wa Linux: programu inaijaza SSD yote kisha inasoma kilichoandikwa. Inachukua saa nyingi, iache usiku. Fanya siku hiyohiyo ya kupokea mzigo, muuzaji akiwa bado anapokea simu yako.

Iliyotumika haina ubaya, ila mwambie muuzaji akupigie picha ya CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski: saa ilizowaka na data iliyoandikwa. Msiogope sana kuchakaa. Samsung 870 EVO ya GB 500 imedhaminiwa kuandikiwa TB 300. Mtu wa GB 20 kwa siku angehitaji miaka 41 kuzimaliza.

Umeme ndio wa kuogopa. Wakubwa mnakumbuka Kigoma ya majenereta ya dizeli. Hata leo ukikatika kati ya kuandika, SSD za nyumbani nyingi hazina akiba ya chaji ya kumalizia kazi, na inayoharibika inaweza kuwa ramani nzima ya data. Mteja mwenye bajeti finyu namwambia ashuke toleo moja la SSD, anunue UPS, betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika. Na picha za familia zisikae miaka ndani ya SSD iliyofungiwa kabatini bila umeme, hasa kwa joto letu. Hadi diski ya zamani inafaa zaidi kwa kazi hiyo.

Halafu kaskrubu ka M.2. Kwenye boksi la SSD mara nyingi hakamo, kanakuja na mazabodi, na mazabodi ya mtumba imeshakapoteza. Mwambie muuzaji akutilie mawili kwenye bahasha. Kangu ka kwanza nilikang'oa kwenye laptopu iliyokufa.