Muulize Fundi: CD 300, FLAC, WAV au MP3?

SWALI: Bwana Fundi, salama? Mimi nina CD zangu kama 300 hivi, dansi, taarab, rumba za Kongo na kwaya, nyingi nilinunua miaka ya 2000 kabla hata flashi hazijawa kitu. Sasa deki imekufa na gari nililonalo halina hata pa kuingizia CD. Kijana wangu anasema nizirip, yaani nihamishe nyimbo ziingie kwenye kompyuta, kwa FLAC, rafiki yangu mwenye studio anasema WAV ndio yenyewe, na mimi naona MP3 mbona inatosha tu. Nisaidie nisije nikafanya kazi mara mbili.
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu, hilo la kutofanya kazi mara mbili ndio jibu lenyewe, weka FLAC. Na sisemi hivyo kwa ajili ya masikio, maana watu wakianza ubishi wa FLAC na MP3 wote wanakimbilia masikio, ooh mimi nasikia tofauti, ooh wewe spika zako mbovu, wakati MP3 ya kbps 320 (kbps ni kiasi cha data kwa kila sekunde ya muziki) iliyotengenezwa vizuri wengi wetu tukipimwa bila kuambiwa ipi ni ipi tunabahatisha tu, na mimi nimo. Shida ni kazi. CD moja inataka uitoe kwenye kasha, uifute, uiweke, usubiri, ukague majina ya nyimbo, uandike yaliyokosekana, alafu uanze nyingine. Ukishafika ya 300 hakuna wa kukushawishi urudie.

MP3 ni sembe. Programu imeshakoboa, kile ilichoona sikio halitakihitaji imetupa na hakirudi, na siku ukitaka kuigeuza iwe fomati nyingine ya kukoboa kama AAC au Opus au chochote kitakachokuja utakuwa unakoboa tena kilichokwishakobolewa. FLAC ni dona, imebanwa ikawa ndogo lakini ukiifungua unapata namba zilezile zilizokuwa kwenye CD, hakuna hata moja iliyopungua. Ndio maana ukiwa na FLAC unaweza kutoa MP3 leo, kesho ukatoa kitu kingine, na CD zenyewe ziko kabatini hazijaguswa.

Rafiki yako wa studio hajakosea kwa kazi yake, WAV inafunguka kwenye kila programu ya kuhariri sauti na yeye anakatakata na kupachika kutwa. Ila kwa sauti, WAV na FLAC ni kitu kilekile kabisa, na kwa mtu wa nyumbani WAV ina kero mbili. Inakula nafasi, kama MB 10 kwa dakika, na majina haikai nayo vizuri, player nyingi hazisomi tagi zake, kwahiyo unaishia na Track 01 Track 02 za CD 300 hujui ipi ni ya nani. FLAC inabeba jina la wimbo, bendi, mwaka, mpaka picha ya kava. Tena ndani yake kuna alama ya ukaguzi iliyopigwa siku faili lilipotengenezwa, kwahiyo hata baada ya miaka unaweza kuipima ukajua kama faili limeharibika au liko salama.

Nafasi isikutie hofu. CD ya dakika 60 kwa WAV ni kama MB 635, kwa FLAC mara nyingi inaangukia MB 350 hadi 420, kwa MP3 ya 320 ni MB 144. Zako zote 300 kwa FLAC hazifiki GB 130. Hadi diski ya TB 1 inazimeza na inabaki na njaa, ila nunua mbili, moja ikae kwa ndugu yako mtaa mwingine.

Sasa kitu ambacho kijana wako hajakwambia: fomati ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni CD isomwe sawasawa. Programu nyingi zikikuta mkwaruzo zinabuni tu sauti zinaendelea, na wewe utakuja kusikia "tik" katikati ya gitaa baada ya miezi sita. Kwa Windows tumia Exact Audio Copy, ni ya bure, kwa Mac kuna XLD. Zote zinaweza kulinganisha matokeo yako na ya watu wengine duniani waliorip diski hiyohiyo, huduma inaitwa AccurateRip. Za rumba zilizotolewa Ulaya kuna nyingi utazikuta humo, za dansi au kwaya zilizotolewa huku nyumbani usishangae kuambiwa haijulikani, hapo kwenye Exact Audio Copy chagua Test & Copy, inasoma kila wimbo mara mbili na kukuonyesha namba mbili za ukaguzi, zinaitwa CRC. Zikifanana pita. Zisipofanana toa diski, ifute kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda nje, sio kwa kuzungusha, rudisha. Na uangalie mkwaruzo uko upande gani, wa chini mara nyingi unasomeka maana kuna plastiki nene inayokinga, wa juu upande wa maandishi ndio muuaji kwa sababu ile tabaka ya kung'aa yenye muziki iko hapo hapo chini ya rangi. Kuna wanaopaka dawa ya meno, mimi simo.

Kwenye majina ndio utatoka jasho. Programu zinavuta majina kutoka MusicBrainz na hifadhi nyingine za mtandaoni, lakini muziki wetu huko upo nusunusu na herufi zimekosewa. Wewe unajua DDC Mlimani Park Orchestra, Mlimani Park na Sikinde ni bendi moja, kompyuta inaona tatu. OK Jazz, T.P. OK Jazz na TPOK Jazz vilevile, utakuta folda tatu na nyimbo zimetawanyika. Kabla hujaanza amua utaandikaje, andika kwenye karatasi ubandike hapo ukutani, alafu usibadilishe katikati.

Ya gari sasa: ukimaliza FLAC, fungua foobar2000, programu ya kucheza na kugeuza muziki, chagua zote, geuza ziwe MP3 kwa LAME, kile kitengeneza MP3, kiwango cha V2 ambacho ni kama kbps 190, mngurumo wa injini na madirisha wazi hutasikia tofauti yoyote. Acha kompyuta ifanye usiku wewe umelala. Flashi unapoiformati chagua mpangilio wa FAT32 maana redio nyingi za magari ya Japan ule wa exFAT haziuelewi, na FLAC ndio kabisa. Kwa hiyo unaona wewe na kijana wako wote mmepatia, MP3 ni ya kusikilizia, FLAC ni ya kuhifadhi.

SWALI: Sasa Fundi, mimi niko Nairobi, kuna CD za zilipendwa nilinunua River Road kitambo, nimezirip kwa FLAC vile mnasema lakini nikicheza kwa spika kubwa bado ziko flati, vinanda ni kama vinapigwa ndani ya maji. FLAC si ndiyo ingefanya zikuwe poa?

JIBU: FLAC hairekebishi, inahifadhi, na ilichokikuta imekuhifadhia hivyohivyo. Geuza diski uangalie tumbo lake. Ikiwa fedha tupu basi ilichapwa kiwandani, ikiwa na rangi ya kijani au bluu basi ni CD-R, mtu aliichoma dukani kwake, na wengi wao walikuwa wanachoma kutoka MP3 za kbps 128 walizonazo kwenye kompyuta. Hapo umechukua MP3 ukaivika koti la FLAC, imekuwa kubwa mara kadhaa na sauti ni ileile.

Unaweza kuthibitisha kwa macho. Pakua programu ya bure inaitwa Spek, buruta faili uliweke ndani, itakuchorea picha ya sauti, toka nzito chini mpaka nyembamba kabisa juu kwenye 22 kHz. Muziki wa kisasa uliotoka CD halisi rangi zinapanda mpaka juu karibu na mwisho. MP3 ya 128 zinafika 16 kHz hivi zinakatika, mstari umenyooka kama umekatwa na rula, juu yake giza. Lakini angalia hapa usije ukatupa mali: rekodi za zamani za kanda, zile za redio za miaka ya 60 na 70, nazo juu hazina kitu, hazikuwahi kuwa nacho. Tofauti ni kwamba zenyewe zinafifia taratibu. Rula ndio ushahidi.

Zikiwa na rula, tafuta toleo la halali ulinunue kama lipo, kama halipo baki na hilohilo, ila zile CD-R zirip kwanza kabla ya nyingine zote maana rangi yake inaharibiwa na joto na jua, na iliyokaa dashibodi ya gari usiipe muda. Na kama ukiifungua kwenye kompyuta unakuta faili za .mp3 mia moja na kitu, hiyo hairipiwi hata kidogo, kopi na upesti, basi.

SWALI: Fundi shikamoo. Nimerip kwa FLAC, albamu za bongofleva zinaonyesha kbps 950 lakini za dansi la zamani zinaonyesha 400 tu. Hizi za 400 zimepungua ubora? Nirudie kwa level 8 ya kubana?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba. Usirudie chochote. Kwenye MP3 ile namba inakwambia umetupa kiasi gani, kwenye FLAC inakwambia tu muziki ulikuwa rahisi kiasi gani kubanwa. Rekodi nyingi za enzi za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, ni mono, maikrofoni chache na mashine ya kanda, kwahiyo kwenye CD spika ya kushoto na ya kulia zimeandikiwa kitu kimoja, FLAC inalitambua hilo na haihifadhi mara mbili. Bongofleva yako imejazwa mpaka juu kwa sauti kubwa muda wote, haina pa kubana. Zote mbili zikifunguliwa zinarudi kwenye kbps 1,411 za CD. Na level, iwe 0 au 8, sauti ni ileile, kinachobadilika ni ukubwa kidogo na muda wa kubana. Acha kwenye 5 ilipokuja nayo.

SWALI: Asalaam aleikum Fundi. Niko Muscat, taarab zangu zote za Unguja nimeziweka FLAC lakini kwenye iPhone app ya Music inazikataa. Nimefanya kazi bure?
Msomaji, Muscat

JIBU: Waaleikum salaam. Hujafanya bure. App ya Files kwenye iPhone inazicheza moja moja, na VLC inazicheza zote na haina gharama. Ukitaka lazima ziingie kwenye Music basi zigeuze ziwe ALAC, hiyo ni FLAC ya Apple kwa maana ya kwamba nayo haitupi kitu, unaweza kwenda na kurudi bila hasara. XLD inafanya hiyo kazi kwenye Mac, foobar2000 kwenye Windows. Simu ikijaa, weka AAC ya 256 humo na FLAC ziache kwenye hadi diski.